Barua ya wazi kwa wasimamizi wa miradi ya viwanda Kanda ya Kati: mahali pa kupimia papangwe kabla bomba halijakatwa

Kwenu wakurugenzi wa miradi, wahandisi washauri na wajumbe wa kamati za kupokea mitambo katika viwanda vinavyojengwa na kupanuliwa Dodoma, Singida na wilaya zake.

Ndugu waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa vyombo vya kupimia, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kufika kiwandani siku ambayo kila mtu mwingine anaona kazi imekwisha: mitambo imefungwa, rangi imekauka, mgeni rasmi ameshapangiwa tarehe, na kinachosubiriwa ni mtu wa kuthibitisha kwamba mtambo unatoa kile ambacho mkataba uliahidi. Nawaandikia ninyi kwa sababu shida ninayoikuta siku hiyo iko nje ya uwezo wa fundi. Ilishatiwa saini na ninyi, mwaka mmoja au miwili nyuma, kwenye michoro ya mabomba.

Kila mkataba wa mtambo una ukurasa wa dhamana ya ufanisi, ambapo muuzaji anaahidi tani ngapi za mbegu zitasindikwa kwa siku, kilo ngapi za mvuke zitatumika kwa kila tani ya mafuta, umeme kiasi gani pampu itakula ikisukuma maji kiasi gani. Ukurasa huo ndio mlioununua, na chuma chote kilichosimama pale uwanjani ni njia ya kuufikia. Hata hivyo, ninapouliza tutapimia wapi, mara nyingi naonyeshwa geji zilizokwisha kufungwa. Geji hizo ziliwekwa ili mwendeshaji ajue kama mtambo uko salama na unaenda sawa, na kwa kazi hiyo zinatosha kabisa; hazikuwekwa ili kumaliza ubishi wa asilimia mbili kati ya aliyeuza na aliyenunua. Ombi langu kwenu ni moja: mchoro wa mabomba usitiwe saini mpaka uambatane na orodha ya vituo vya kupimia vya jaribio la ufanisi, kila kituo kikiwa kimetokana na sharti mojawapo la dhamana, na orodha hiyo iwe sehemu ya mkataba.

Niwape mfano niliousimamia mwenyewe, katika kiwanda kimoja cha kusafisha mafuta ya alizeti ambacho sitakitaja. Mmiliki alilalamika kwamba boila inakula maganda kuliko alivyoahidiwa. Mkandarasi alisema mtambo ni mzima na tatizo ni waendeshaji. Dhamana ilikuwa imeandikwa kwa kilo za mvuke kwa tani ya mafuta, kwa hiyo tulihitaji kupima mvuke. Nilitembea na bomba la mvuke tangu boila hadi kwenye mtambo, nikaona kiwiko, valvu, kiwiko kingine, kipunguza kipenyo, kisha kiwiko tena. Mita ya aina ya sahani yenye tundu inahitaji bomba lililonyooka kabla yake, kuanzia takriban mara 10 hadi zaidi ya mara 40 ya kipenyo, kutegemea ukubwa wa tundu na kilichotangulia kwenye bomba, ili mvuke ufike ukiwa umetulia. Katika bomba la milimita 100, mara 20 ni mita 2 tu. Mita hizo 2 hazikuwapo popote, ingawa uwanja ulikuwa mpana kiasi cha kuchezea mpira. Tukafunga mita mahali pekee palipopatikana, katikati ya viwiko viwili, na mkandarasi akaukataa usomaji wetu. Alikuwa na haki ya kuukataa, nami nikasema hivyo mbele ya kikao, mwajiri wangu akiwa amenikodolea macho.

Kwenye kiwanda hicho hicho tulikuta jambo lingine, dogo kwa macho. Joto la mafuta yanayotoka kwenye kibadilisha joto lilikuwa linasomwa kupitia poketi, yaani ule mrija wa chuma uliozibwa ncha ambao huingizwa ndani ya bomba ili kipimajoto kikae humo bila kugusana na kinachopita. Poketi ile ilikuwa fupi. Urefu wake uliishia karibu wote kwenye unene wa sufi ya kuhifadhi joto na ukuta wa bomba, ncha yake ikaingia kwenye mafuta kwa milimita chache tu, na kichwa chake kikabaki wazi kwenye upepo wa Dodoma, ambao mnaufahamu. Nilichukua tambara, nikakifunika kichwa kile na kukifunga kwa waya, nikasubiri robo saa. Usomaji ulipanda nyuzi 4 bila mtambo kubadilika kwa lolote. Joto lilikuwa likikimbia kupitia shina la chuma kwenda nje, na kipimajoto kilikuwa kinatupa wastani wa mafuta na upepo. Kwa nyuzi 4 hizo mtu anaweza kushinda au kushindwa kesi ya dhamana.

Kasoro hizi zingezuiwa kwa kalamu. Mtu aliyekuwa anachora angeandika kwamba poketi ya jaribio iwe ndefu kiasi cha ncha yake kufika katikati ya bomba, na kwamba pale ambapo bomba ni jembamba, poketi ifungwe kwenye kiwiko ikitazamana na mtiririko ili ipate urefu. Angeandika kwamba kituo cha joto kiwe mbali kidogo na mahali ambapo mikondo miwili inakutana, maana maji ya moto na ya baridi yakiingia bomba moja hayachanganyiki papo hapo, na kipimajoto kilichowekwa karibu mno husoma mkondo mmoja. Angeandika pia kwamba kwenye bomba la kimiminika tundu la presha litobolewe ubavuni, kwa sababu juu hukusanya hewa na chini hukusanya uchafu, ilhali kwenye bomba la gesi tundu litobolewe juu. Na kando ya kila poketi ya kudumu inayohusu dhamana, angeweka poketi ya pili, tupu, iliyofungwa kwa kizibo, ili siku ya jaribio tuingize kipimajoto chenye cheti cha ugezi, yaani cha kuhakikiwa usahihi wake, kutoka maabara inayotambulika, kama ya Shirika la Viwango Tanzania, na kulinganisha bila kuzima chochote.

Sisi wa huku tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu, nayo ni mwinuko. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama bari 0.89, wakati ufukweni ni bari 1.01. Maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kuna kijana mmoja mwenye bidii, niliyefanya naye kazi, aliyeamua kuhakiki vipimajoto vyote vya kiwanda kwa kuvitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, kama alivyofundishwa shuleni. Vyote vilisoma 96. Akachukua bisibisi na kuvirekebisha kimoja kimoja hadi vikasoma 100. Vilikuwa sahihi mpaka alipovigusa. Simlaumu yeye; namlaumu aliyeandika utaratibu wa kazi mahali penye bahari na kuuleta hapa bila kuugeuza.

Kwenye ombwe jambo hili linageuka kuwa la kisheria. Mitambo ya kuondoa harufu kwenye mafuta na ile ya kukausha kwa ombwe hufanya kazi kwa presha iliyo pungufu ya ile ya hewa ya nje, na nimeona mkataba uliotaka geji isome bari 0.95 chini ya hewa ya nje. Kwa Dodoma sharti hilo haliwezekani hata mkileta pampu kutoka mbinguni, kwa kuwa hewa yenyewe haifiki 0.9. Vivyo hivyo geji inayosoma 0.85 chini ya hewa ina maana mbili: Dar es Salaam ndani kumebaki bari 0.16, na maji humo yatachemka kwenye nyuzi 55 hivi, lakini hapa kumebaki chini ya 0.04, na maji yatachemka kwenye nyuzi 27 au 28. Dhamana ya ombwe iandikwe kwa presha kamili, yaani inayohesabiwa kuanzia utupu kabisa na si kuanzia hewa ya nje, na orodha ya vituo iwe na kipimahewa cha kiwandani kwenyewe. Msichukue namba inayotolewa kwa ajili ya marubani, kwa sababu hiyo hurekebishwa ionekane kana kwamba uwanja wa ndege uko usawa wa bahari. Pampu nazo hupoteza kama mita 1.3 za uwezo wa kuvuta kwa ajili ya mwinuko huu, na kipuliza hewa kilichoahidiwa kwa hali ya ufukweni kitatoa hewa pungufu kwa uzito kwa zaidi ya asilimia 10. Bila kituo cha kupimia upande wa kuvuta, ambao ndio upande unaosahaulika kila mara, hakuna atakayejua kama pampu ni mbovu au tumeidai kisichowezekana.

Upande huo wa kuvuta una hadithi yake kwenye visima virefu, ambavyo ndivyo vinavyotuweka hai katika mikoa hii. Pampu ya kisimani hupewa dhamana ya mita fulani za kunyanyua maji. Geji ya juu inakuambia nusu ya habari, na nusu ya pili ni kina cha maji ndani ya kisima wakati pampu inavuta. Kina hicho hupimwa kwa kushusha waya maalumu ndani ya mrija mwembamba unaofungwa sambamba na bomba la pampu siku ya kuliteremsha. Mrija huo ukisahaulika, dawa ni kunyanyua pampu yote. Ni bomba la plastiki, waheshimiwa.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hulipita upesi, nami naliona ndilo lenye uzito kuliko yote: orodha ya vituo ianze na hesabu ya kutokuwa na hakika. Tuseme mashine ya kupoza imedhaminiwa kuondoa joto kiasi fulani, na maji yake yanaingia yakiwa nyuzi 28 na kutoka yakiwa 32. Tofauti ni nyuzi 4. Vipimajoto viwili vya kawaida, kila kimoja kikiwa na uwezekano wa kukosea nusu nyuzi, vikikosea kwa kupishana vitaharibu tofauti hiyo kwa nyuzi 1 nzima, yaani robo ya kile tunachokipima. Na hata tukihesabu kwa utaratibu wa kitakwimu unaokubali kwamba makosa hayaangukii upande mmoja siku zote, bado tunabaki na kama asilimia 18. Ukurasa wa dhamana unasema asilimia 2. Jaribio la namna hiyo ni bahati nasibu iliyovaa suti. Mngejua mapema, mngeagiza jozi ya vipimajoto vilivyohakikiwa pamoja, au mngekubaliana na muuzaji kwamba pengo la dhamana liwe pana zaidi.

Mita ya sahani nayo ina tabia yake. Mtiririko huenda kwa kipeuo cha pili cha tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma ya sahani, na kwa hiyo kiwanda kikiendeshwa kwa asilimia 30 ya mtiririko kamili, transmita, yaani kifaa kinachosoma tofauti hiyo na kuituma, inaona asilimia 9 tu ya upana wake. Kosa la asilimia 1 ya upana huo, ambalo kwenye mzigo kamili halizidi nusu ya asilimia ya mtiririko, hapo linakuwa zaidi ya asilimia 5. Viwanda vyetu vingi hupokewa nje ya msimu, mbegu zikiwa chache ghalani. Kamati inapima mtambo uliosinzia, kwa mita iliyochaguliwa kwa ajili ya mtambo unaokimbia. Kwa wenye viwanda vya mvinyo msimu ni mgumu zaidi kuuchezea, maana mashine ya kupoza haiwezi kujaribiwa kwa haki mpaka zabibu ziwe kwenye matangi zinachachuka. Vituo visipokuwa tayari kabla ya mavuno, mtakutana tena mavuno yajayo, na muda wa dhamana hausubiri.

Tena kuna faida ya kupima kinachoonekana hakihitajiki. Kwenye kibadilisha joto kuna joto nne na mitiririko miwili. Mkiwa na vitano kati ya hivyo sita, hesabu itawapa cha sita, na mtaridhika. Mkivipima vyote sita, mnaweza kulinganisha joto lililotolewa na upande wa moto na joto lililopokelewa na upande wa baridi, na mizania isipofunga mnajua kuna chombo kinachodanganya. Mhandisi mshauri mmoja aliwahi kuniambia kwamba kipimo cha sita ni anasa. Kwa uzoefu wangu, hicho ndicho kipimo pekee ambacho mpinzani wako mezani hawezi kukibishia.

Najua hofu mliyonayo, na ni ya haki: kila tundu kwenye bomba ni mlango wa kuvuja. Tarehe 8 Desemba 1995, katika kinu cha nyuklia cha Monju nchini Japani, poketi ya kipimajoto ilivunjika kwa sababu ya mtikisiko uliosababishwa na mtiririko unaoipita, sodiamu ikavuja na kuwaka. Mwaka 2010 jumuiya ya wahandisi mitambo ya Marekani, ASME, ilitoa kiwango kinachohusu poketi peke yake, PTC 19.3 TW, ambacho kinaonyesha jinsi ya kukokotoa kama poketi ya urefu na unene fulani itahimili kasi fulani. Mimi nachukua funzo moja humo: poketi ikokotolewe na mhandisi mezani, itengenezwe na kushindiliwa maji kwa presha pamoja na bomba lote, badala ya kutobolewa na fundi kama mimi saa tano usiku kwa sababu mgeni rasmi anakuja kesho. Tundu linaloongezwa kwenye bomba la mvuke lililokwisha kupokewa linadai kuzima boila, kupoza, kukata sufi, kulehemu, kujaribu upya kwa presha, na kumwita tena mkaguzi. Kwenye karakana, bomba likiwa bado juu ya farasi wa chuma, kazi hiyo hiyo ni soketi moja, yaani kipande kifupi kinachochomelewa kwenye bomba ili chombo kifungwe humo, na nusu saa ya mchomeleaji.

Mahali pa kusimama nako ni sehemu ya kituo. Soketi iliyo mita 6 juu, bila jukwaa wala ngazi, mimi siihesabu. Kwenye jaribio la saa 4 tunasoma kila baada ya dakika 5 au 10, na binadamu hawezi kuning'inia kwenye bomba la mvuke kwa muda wote huo akiwa na daftari mkononi. Geji ikishushwa chini ili isomeke kirahisi, mchoro uonyeshe tofauti ya kimo, kwa sababu maji yaliyosimama kwenye mrija wa mita 3 yanaongeza karibu bari 0.3 ambayo haimo ndani ya bomba.

Kuhusu boila, ambako fedha nyingi zaidi huteketea, sitasema mengi. Kama hakuna mita ya mvuke, ruhusuni angalau mita nzuri kwenye maji yanayoingia boila, na njia ya kupima maji yanayotupwa. Tofauti yake ndiyo mvuke, na maji ni rahisi kupima kuliko mvuke. Wekeni tundu kwenye bomba la moshi kwa ajili ya joto na oksijeni. Na maganda yapimwe kwa mizani pamoja na unyevu wake. Nimeshuhudia jaribio ambalo kuni zilihesabiwa kwa magunia, na magunia ya mchana yalikuwa membamba kuliko ya asubuhi.

Ninachoomba kifanyike kwa utaratibu ni hiki. Kabla michoro ya mabomba haijaidhinishwa, mhandisi wa mchakato, mhandisi wa vyombo na mwakilishi wa muuzaji wakae meza moja na ukurasa wa dhamana. Kwa kila namba iliyo humo waandike fomula itakayotumika, vipimo ambavyo fomula inavihitaji, mahali pa kila kipimo kwenye mchoro, chombo kitakachotumika na kosa lake linalokubalika, kisha watie saini wote watatu. Kwa miradi ya umma, sharti hilo liwekwe tangu kwenye nyaraka za zabuni, ili mzabuni alipangie bei pamoja na mabomba mengine na asije akalidai baadaye kama kazi ya nyongeza. Kamati ya mapokezi nayo ipite kiwandani na orodha hiyo kabla sufi haijafungwa, ikigusa kila soketi kwa mkono, kwa kuwa wafunga sufi ni watu wa kazi nzuri na wataifunika soketi yoyote isiyosemewa.

Mradi mmoja ninaoujua ulikubali kufanya hivyo. Vituo vilikuwa 14, vingi vikiwa ni vizibo vya shaba vilivyopakwa grisi, na tulivifungua vyote ndani ya asubuhi moja. Mtambo ulishindwa jaribio: kipoza kimoja kilikuwa kinatoa pungufu ya kilichoahidiwa. Muuzaji alitazama karatasi, akaona saini yake mwenyewe chini ya mahali pa kila kipimo, akaomba wiki 6 za kuleta kingine. Hapakuwa na kikao kingine. Orodha ya mradi ule ilijaa ukurasa mmoja na nusu. Nimeondoa majina na namba za biashara, na yeyote kati yenu atakayeihitaji kama kielelezo nitampatia.

Wenu katika kazi,

Fundi wa vyombo vya kupimia,
Dodoma